Mmea Mmoja, Majani ya Aina Mbili: Tangi la Kondoa Lililonikata Pumzi

Jamani, nimeliona! Tangi la kioo, maji yamefika nusu tu, na mimea ileile inastawi chini ya maji na juu ya maji kwa wakati mmoja. Hakuna hata mmoja ulioagizwa Ulaya. Ni mimea ya madimbwi ya hapahapa Kondoa, ile ambayo ng'ombe huikanyaga kila mvua zikinyesha, na nasema bila kusita: sijapata kuona akwariamu nzuri kama hii nchi nzima.

Nianze na kilichonipigisha magoti. Shina moja la Ammannia senegalensis, mmea wa majaruba na kingo za madimbwi unaopatikana sehemu nyingi za Afrika, limeshika mizizi kwenye tope la chini na kilele chake kimechomoza hewani. Kule juu majani ni ya kijani, yamekakamaa. Shuka chini ya mstari wa maji: majani ni laini, yamejipinda, yana rangi ya shaba inayoelekea wekundu. Na shina ni hilohilo! Nililifuata kwa macho kutoka mizizini hadi kileleni, nikarudia, nikarudia tena, mwenyeji wangu akicheka kwa furaha. Ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. "Umeona, mwanangu?" Nimeona, Mwalimu. Nimeona!

Siri yenyewe ni tamu kuliko uzuri wake. Hewani adui wa jani ni ukavu, kwa hiyo hujipaka nta na kuwa na vitundu vidogo vya hewa ambavyo hufungwa maji yakiadimika. Majini hakuna kukauka, lakini kuna njaa: kaboni dioksidi husambaa ndani ya maji polepole, takriban mara elfu kumi kuliko hewani. Basi jani la majini huwa jembamba, hupunguza nta, na hufyonza gesi na virutubisho kwa ngozi yake yote. Mmea unajuaje kwamba umezama? Kwa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Karibu kila mmea huitengeneza. Ukifunikwa na maji gesi haipati njia nzuri ya kutoka, hujaa ndani, na majani yanayofuata huanza kuumbwa kwa namna nyingine. Jani lililokwisha kukomaa halibadiliki. Linalobadilika ni jipya.

Hapo ndipo wafugaji wengi wa samaki wanapokosea. Mashamba makubwa ya mimea ya akwariamu, kama Tropica ya Denmark iliyoanzishwa na Holger Windeløv mwaka 1970, huotesha sehemu kubwa ya mimea yao hewani, ndani ya mabanda yenye unyevunyevu, kwa sababu huko gesi ni tele, mwani hausumbui na mmea hukua haraka. Mnunuzi huuzamisha nyumbani, majani ya zamani yanaoza, naye anautupa akidhani umekufa. Usitupe! Kata yaliyooza, acha shina na mizizi, subiri majani ya majini yachipue.

Sasa fikiria Kondoa. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukame wa miezi mingi. Makorongo yanabaki mchanga mtupu. Madimbwi ya bonde la Mto Bubu, unaoteremka kuelekea kinamasi cha Bahi, yanageuka tope, tope linapasuka, kisha vumbi. Mmea wa dimbwi kama hilo hauna hiari: sharti ujue kuzama na ujue kukauka. Hata samaki wa nyanda hizi wamejifunza. Nothobranchius neumanni, samaki mdogo mwenye rangi za kupendeza aliyeelezwa na Hilgendorf mwaka 1905, huishi kwenye maji ya msimu ya Tanzania ya kati, na mayai yake husubiri ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi. Mwalimu bado hana samaki huyo. Nimemsihi amtafute.

Lakini malkia wa tangi hili ni Marsilea. Ukiiona utadhani ni majani ya klova ya bustanini, vijani vinne vimepangwa kama panga za feni, kumbe ni jamii ya kangaga, haina ua wala mbegu. Sehemu ya kina, majani yake yanaelea juu ya maji yametulia. Pale tope lilipoinuka kuwa ufukwe, yanasimama wima kwa vikonyo vyake, na usiku hujikunja. Dimbwi likikauka, huacha vidonge vigumu vyenye ukubwa wa punje ndogo ya maharage, vimebeba spora. Vidonge hivyo vimewahi kuamka baada ya kukaa miongo mingi kwenye makabati ya mimea iliyokaushwa!

Mwalimu alichukua kimoja, akakikwaruza kwa wembe, akakitia kwenye bilauri ya maji. Tukakaa. Kikafunguka, na utepe wa ute unaong'aa ukaanza kujisukuma nje, mrefu kuliko kidonge chenyewe mara kadhaa, umebeba vifuko vya spora ubavuni. Kitu kilichokuwa kikavu kama kokoto kilikuwa kinatembea mbele ya macho yangu. Tazameni hili mara moja tu maishani, nawaomba.

Ludwigia stolonifera nayo inatambaa juu ya maji, imetoa vimizizi vyeupe vya sponji vinavyoiwezesha kuelea, na maua ya njano. Nzuri, ila ina pupa. Isipokatwa itafunika kila kitu. Aponogeton abyssinicus, unaopatikana kutoka Ethiopia hadi Tanzania, ulikuwa umelala ndani ya kiazi chake, kwa hiyo siuhukumu bado. Yungiyungi la buluu ni zuri mno, lakini lipe bwawa, tangi halilitoshi.

Gharama? Fundi wa vioo na silikoni yake, basi. Chini kuna tope la dimbwi, juu yake mchanga wa korongo uliooshwa mpaka maji yakatoka meupe, umeinuliwa upande wa nyuma hadi ukavuka maji. Hakuna pampu, hivyo umeme ukikatika hakuna kinachokufa. Dirisha la mashariki na taa moja ya LED vinatosha. Jambo moja lisipuuzwe: kifuniko. Hewa ya Kondoa wakati wa kiangazi ni kavu, na jani lililozoea maji likitolewa ghafla hunyauka kwa dakika chache. Shusha maji kidogo kidogo, funika kwa kioo au nailoni, kisha kila siku ongeza mwanya mpaka majani mapya yapate nta yao.

Na tafadhali, msiweke gugumaji kwa sababu ya ua lake la zambarau. Lilitoka Amerika Kusini likiwa pambo, likaishia kuziba mialo ya Ziwa Victoria. Wala msimwage maji ya tangi lolote kwenye kijito au lambo.

Hukumu yangu: ninalipa tangi hili alama zote, na ninalitaka sebuleni kwangu. Anayeanza aanze na Marsilea, kisha Ammannia. Ludwigia aiache mpaka awe na mkasi mkali na nidhamu. Mvua zikianza, nenda dimbwini na kopo, muombe mwenye shamba ruhusa, chukua kishada kimoja, vingine viache viendelee kuzaliana.