Nani Mtenda wa Uhuru? Uhakiki wa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kama Kumbukumbu ya Walionusurika

Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela kilichochapishwa na Sheldon Press mwaka 1934, kimejadiliwa zaidi kwa swali la utanzu: je, ni riwaya ya kwanza ya Kiswahili, ni historia, au ni wasifu? Mjadala huo una manufaa yake, lakini umeliacha nyuma swali zito zaidi. Kitabu hiki ni kumbukumbu ya watu walionusurika. Mwandishi, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, anasimulia yaliyompata baba yake na wenzake: kutekwa kwao bara, safari ya kwenda pwani, kupakiwa jahazini, hadi kuokolewa na manowari ya Waingereza na kupewa makao Frere Town, karibu na Mombasa. Uhakiki huu unadai kwamba msuko wa masimulizi hayo unawapa mateka umiliki wa mateso lakini unawanyima umiliki wa uhuru wao. Hata hivyo, kitendo chenyewe cha kuandika kinarejesha sehemu ya kile ambacho msuko unakiondoa.

Hoja hiyo inaanzia katika lugha. Neno mtumwa limeundwa kutokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: mtumwa ni mtu anayetumwa, asiye na amri ya mwendo wake. Mateka, vivyo hivyo, ni waliotekwa. Katika msamiati huohuo lipo neno mtoro, linalohusiana na kitenzi toroka. Tofauti na hao wengine, mtoro ni mtenda. Msuko wa Mbotela umejengwa juu ya kauli ya kutendwa: mateka wanakamatwa, wanauzwa, wanaokolewa, wanakabidhiwa kwa wamisionari. Mtenda anabadilika kutoka mfanyabiashara hadi nahodha wa manowari, lakini mtendwa ni yuleyule. Uhuru unafika kama utumwa ulivyofika, yaani kwa mkono wa mwingine.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale kitabu kinapowekwa kando ya tawasifu ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip anasimulia kwa nafsi ya kwanza: yeye ndiye anayesafiri, anayepigana, anayenunua na kuuza pembe. Hivyo basi, miongo mitatu kabla ya kitabu cha Mbotela, mtu aliyetajirika katika mfumo wa misafara na utumwa alikwisha kuwa na “mimi” yake katika maandishi ya Kiswahili. Sauti ya aliyetekwa ilibidi isubiri, na ilipofika ilifika kwa kupitia mwana. Pengo hilo la kizazi kimoja halitokani na uhaba wa mambo ya kusimulia. Linatokana na mgawanyo wa wino, karatasi na wachapishaji, na katika mgawanyo huo Mbotela aliupata mlango uliokuwa wazi kwake: shule ya misheni na shirika la uchapishaji lenye uhusiano na kanisa.

Mlango huo ulikuwa na masharti yake, na athari yake inaonekana katika njia ya uhuru inayotukuzwa na kitabu. Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko, lakini haukufuta utumwa wenyewe mashambani. Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875, ilipewa jina la Bartle Frere, mjumbe aliyehusika na mkataba huo. Kwa aliyekuwa jahazini, manowari ilikuwa wokovu wa kweli. Kwa aliyekuwa akilima shamba la bwana wake, hakukuwa na manowari. Njia yake ilikuwa miguu yake. Katika nchi ya Wagiriama, huko Fuladoyo, watoro walijijengea kijiji chao wenyewe. Wengine walikimbilia vituo vya misheni, hasa Rabai, na wenye mashamba wakashinikiza warudishwe. Mwishoni mwa mwaka 1888, mwakilishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliafikiana na mabwana kuwalipa fidia, na watoro takriban 1,400 wakapewa hati za uhuru. Watu waliokuwa wamejikomboa wakaandikwa kuwa wamekombolewa. Mabadiliko hayo ya kauli, kutoka kutenda hadi kutendwa, ndiyo yaliyokwisha kuwa desturi ya kumbukumbu rasmi Mbotela alipoanza kuandika.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kitabu hiki ni propaganda ya kikoloni tu, kama baadhi ya usomaji unavyoelekea. Shukrani ya aliyetolewa ndani ya jahazi si uongo kwa sababu tu ilimfaa mtawala. Mhakiki anayemtaka mateka aliyefungwa baharini awe mpiganaji anamwondolea ukweli wake kwa mara ya pili. Kinachostahili kuhojiwa ni hatua ya kuugeuza wokovu wa kundi moja kuwa historia ya watumwa wote.

Aidha, kuna ujasiri ambao wahakiki hawajaupima vya kutosha. Hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907, miaka 27 tu kabla ya kitabu kuchapishwa. Waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa walikuwa bado hai, wakikutana sokoni na njiani. Katika jamii ambamo asili ya utumwa ilifichwa kama aibu ya ukoo, Mbotela aliliweka neno Watumwa juu ya jalada, na jina la baba yake chini yake. Hapo mwana anakuwa mtenda. Anachokifanya si kuokolewa, ni kushuhudia.

Mwisho, jina la kitabu linabeba mgogoro wote huu katika kiunganishi kimoja. Uhuru wa watumwa unaweza kuwa uhuru waliopewa watumwa, na unaweza kuwa uhuru ulio mali yao. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1956 ilichagua maana ya kwanza, ya kuachwa huru. Kiswahili hakikuchagua. Kukisoma kitabu hiki kama kumbukumbu iliyorithiwa, badala ya kuking’ang’aniza katika mizani ya riwaya, ni kuziacha maana zote mbili zisikike, na kumtafutia mtoro wa Fuladoyo nafasi kando ya mateka wa jahazini.