Hesabu Kabla ya Spana

Kwa kawaida kila mwaka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, magari yapatayo 60 hukusanyika mahali fulani porini nchini Kenya, mahali ambapo hata washindani wenyewe hawatajiwi mpaka siku zikaribie. Mbele yao kuna vituo 13 vilivyotawanywa, na saa 10 za kuvifikia vyote. Hakuna barabara, na mwendo kasi hauna tuzo. Mshindi wa mashindano haya, Rhino Charge, ni yule aliyefika vituo vyote kwa kusafiri umbali mfupi kuliko wenzake. Kwa hiyo kati ya kituo na kituo pakiwa na korongo, gari lishuke korongo. Pakiwa na mawe makubwa, lipande mawe.

Watazamaji huona vumbi, waya wa winchi uliokazwa kwenye shina la mti, na wakimbiaji wanaotangulia kwa miguu kutafuta upenyo. Wasichokiona ni daftari. Miezi mingi kabla ya siku ile, mtu mmoja alikaa mezani na kalamu, akalipanga gari lote kwenye karatasi kabla hajalegeza nati hata moja. Kazi yake haipigiwi makofi, ingawa gari likipanda ukingo wa korongo bila kukatika kitu, yeye ndiye aliyelipandisha.

Mafundi wa gereji husema gari “limesukwa”, na neno hilo limebeba mengi. Msukaji wa ukili huhesabu miyaa yake kabla ya kuanza. Akikosea idadi, shibiri ya kwanza haimsemi. Kosa hujitokeza siku mkeka unaposhonwa na kukataa kulala sawa. Gari nalo ni hivyo hivyo. Aliyebadilisha matairi amegusa difu, aliyegusa difu amegusa ekseli, na aliyegusa ekseli amegusa propela, springi, stelingi na breki.

Mfano mmoja unatosha. Kuna Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, injini iliyoanza kutolewa mwaka 1994. Imesimama juu ya matairi ya 7.50R16, yenye kipenyo cha milimita 808 hivi. Mwenyewe anataka matairi ya inchi 37, yaani milimita 940, na ana sababu ya msingi. Springi ndefu huinua bodi peke yake, ekseli ikabaki pale pale. Kwenye ekseli za kawaida, kinacholitenga tumbo la difu na jiwe ni ukubwa wa tairi. Hapa atapata milimita 66, ambazo ni nusu ya tofauti ya vipenyo viwili. Juu ya mawe, milimita 66 ndizo kupita au kukwama.

Sasa kalamu inashika kazi. Gawanya 940 kwa 808, jibu ni 1.163. Tairi limekua kwa asilimia 16, na gari zima limekuwa kama limepandishiwa gia. Injini ya lita 2.5 itahema kwenye mlima ambao zamani iliupanda bila taabu. Difu ya Defender ina uwiano wa 3.54. Ili nguvu ya awali irudi, zidisha kwa 1.163 upate 4.12. Na kuna jambo la pili: tairi refu ni wenzo mrefu, hivyo shafti za ndani ya ekseli zitapokea msokoto zaidi kwa asilimia 16 ile ile, na shafti za Rover zimejulikana kwa miaka mingi kuwa hukatika zikizidishiwa mzigo. Basi zinatafutwa ekseli nene zaidi, zenye difu iliyo karibu na 4.12.

Ekseli nyingi za Land Cruiser 80, gari la miaka ya 1990, zina difu ya 4.10.

Anayekutana na namba hiyo usiku, peke yake na daftari, hucheka kwa sauti. Magari mawili ya nchi mbili tofauti, yaliyochorwa na watu wasiojuana, yanakubaliana kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja. Hesabu ya pili inathibitisha. Gia ya kwanza ni 3.69, mara gia nzito ya transfa 3.32, mara difu 4.10: takriban 50. Injini ikizunguka taratibu mara 800 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 16 tu, na gari linatembea kilomita 2.8 kwa saa. Kwa difu na matairi ya awali lilikuwa likitembea kilomita 2.8 vile vile. Limeinuka, limepata mifupa mipya, na bado linatambaa kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Hata hivyo mpangaji hafungi daftari. Kitovu cha Defender kina nati tano kwenye duara la milimita 165.1, cha Land Cruiser 80 kina nati sita kwenye duara la milimita 139.7; rimu za zamani hazitafaa tena. Ekseli mpya zinazidi upana wa zile za Defender kwa karibu sentimita 11, kwa hiyo matairi yatatokeza nje na madigadi yapanuliwe. Silinda kuu ya breki ilipimwa kwa breki nyingine. Na difu ya mbele lazima iwe na uwiano sawa na ya nyuma, maana Defender husukuma magurudumu yote manne muda wote, na uwiano ukitofautiana mbele na nyuma, difu ya kati ikifungwa ekseli zitavutana mpaka kitu kikatike.

Kisha inakuja kazi ya sakafuni, ambayo haina haraka. Springi hutolewa, ekseli ikafungwa kwa muda mahali inapotakiwa kukaa. Timazi inashushwa kutoka kwenye chesisi, na chaki inaweka alama chini. Jeki inainua gurudumu la kulia polepole mpaka juu kabisa, huku la kushoto likishuka mpaka mwisho wake. Fundi amelala chali na tochi. Tairi linagusa wapi? Mpira wa breki unavutika? Propela imebakiwa na meno mangapi kabla haijachomoka? Fimbo ya stelingi na ile inayoizuia ekseli isihame pembeni ziko sambamba? Zikipishana, kila shimo litaugeuza usukani bila dereva kutaka.

Mabano nayo hukatwa kwanza kwa boksi la karatasi na mkasi. Boksi likikosewa linatupwa. Chuma cha milimita sita kikikosewa, fedha na siku nzima zimekwenda.

Ufundi huu unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Watu humsifu dereva kwa ujasiri na tajiri kwa fedha zake, wakamsahau aliyejua mapema kwamba shafti ingekatika, akaizuia isikatike kwa kuzidisha na kugawanya. Hesabu iliyowachosha wengi darasani, hapa inabeba chuma na watu waliomo ndani yake.

Na kazi ya mpangaji huyo imefika mbali. Rhino Charge ilianza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa kuwalinda faru wa msitu wa Aberdare na mashamba ya jirani. Kila timu huja na michango iliyokusanya. Uzio huo wa kilomita 400 hivi ulikamilika mwaka 2009, ukiuzunguka msitu huo unaotoa sehemu kubwa ya maji ya Nairobi.

Mwenye Land Rover iliyokaa uani miaka mingi juu ya mawe asiiuze chuma chakavu kwanza. Achukue futi, apime kipenyo cha tairi, asome uwiano wa difu, aulize wakaguzi wa magari na bima wanaruhusu nini, kisha aandike yote ukurasa wa kwanza. Spana ingoje.