Shaka ya Sauti: Fanani, Hadhira na Akili Unde Jukwaani

Hadhira inapomshuku mwanamuziki kwamba sauti inayosikika jukwaani imetengenezwa na akili unde, hutafuta ushahidi katika sauti yenyewe: pumzi isiyosikika, irabu iliyonyooka mno, kidatu kisichotetereka. Kigezo hiki ni dhaifu. Programu hizo hujifunza kutokana na rekodi za waimbaji, na pumzi imo ndani ya rekodi hizo. Isitoshe, urekebishaji wa kidatu kwa kompyuta, uliovuma tangu wimbo "Believe" wa Cher mwaka 1998, umekwisha kuzifanya sauti za watu halisi zisikike kama za mashine.

Mwaka 2023, Paul McCartney alipotangaza kuwa akili unde imesaidia kukamilisha wimbo wa mwisho wa The Beatles, baadhi ya wasikilizaji waliamini kuwa sauti ya marehemu John Lennon imebuniwa. Ilhali ilikuwa yake mwenyewe, iliyorekodiwa kwenye kaseti miaka ya 1970 na kutenganishwa na piano. Milli Vanilli, kwa upande wao, walipokonywa tuzo ya Grammy mwaka 1990 kwa sauti za binadamu kabisa, ila si zao.

Nadharia ya fasihi simulizi ingetufaa hapa, na inashangaza kwamba wahakiki wetu wa muziki huiacha darasani. Utendaji humhitaji fanani anayeijibu hadhira. Katika taarabu, msikilizaji huinuka kutunza kwa kuwa ubeti umemgusa, au umemsaidia kumpiga kijembe jirani yake. Naye mwimbaji anaweza kuurudia ubeti, kuurefusha mkarara, kumwelekea mtunzaji. (Hakuna anayetunza spika.) Sauti iliyokwisha kuandaliwa haiwezi kufanya hivyo, iwe ni ya programu au ya mwimbaji mwenyewe, iliyorekodiwa studio na kupigwa huku yeye akichezesha midomo. Mazoea haya ya pili tumeyavumilia kwa miaka mingi katika matamasha ya bongo fleva. Ndiyo maana hasira inayoelekezwa kwa akili unde pekee hainishawishi. Mhakiki angeuliza kwanza kama wimbo ungeweza kubadilika usiku ule kwa sababu ya waliokuwapo.

Suala la kunakili sauti ya mtu bila idhini yake, hasa aliyekwisha kufariki, ni zito zaidi, lakini ni la haki na sheria, na linahitaji makala yake.