Chokaa na Gumegume: Ukarabati wa Forbury

Forbury Gardens, bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1856 katika mji wa Reading, magharibi ya London, imepakana na magofu ya abasia iliyoanzishwa na Mfalme Henry I mwaka 1121. Mgeni hutoka penye maua, akapita njia fupi ya chini kwa chini, na kuibukia magofuni. Sehemu hizi mbili zilikarabatiwa kwa nyakati tofauti, na kwa mbinu zilizo mbalimbali kabisa.

Bustani ilirudishiwa sura yake ya enzi ya Malkia Victoria mwaka 2004 na 2005, kwa pauni milioni 2.1. Katikati yake yumo simba mkubwa wa chuma wa mwaka 1886, kumbukumbu ya wanajeshi 329 waliokufa Afghanistan. Wenyeji husimulia kwamba mchongaji wake, George Blackall Simonds, alijiua alipogundua kuwa amekosea mwendo wa miguu ya simba huyo; uzushi mtupu, kwani aliishi hadi mwaka 1929.

Kazi ngumu ilikuwa magofuni. Abasia ilipofungwa mwaka 1539, mawe ya kuchonga yaliyofunika kuta yalibanduliwa yakajengewa kwingine. Kilichobaki ni matumbo ya ukuta: vipande vya gumegume vilivyoshikwa kwa chokaa. Gumegume halinywi maji, hivyo maji yote hupita kwenye chokaa. Mvua huingilia juu ya ukuta ulio wazi, na majira ya baridi maji hayo huganda, hutanuka, na kuyasukuma mawe nje. Mwaka 2009 magofu yalifungwa kwa sababu mawe yalikuwa yakidondoka.

Saruji isingefaa. Ni ngumu kuliko chokaa ya kale, na huyafungia maji ndani yasipate pa kutokea. Mafundi walitumia chokaa, ambayo hupitisha unyevu na hukubali kuliwa na hali ya hewa kabla ya jiwe. Kasoro yake ni uvivu: hukauka polepole na baridi kali huiharibu ikiwa bado mbichi. Juu ya kuta ikapandwa mimea mifupi, inayonyonya mvua na kupunguza makali ya baridi.

Magofu yalifunguliwa tena Juni 2018, mradi mzima, pamoja na lango la abasia, ukiwa umegharimu pauni milioni 3.15.