Anayejibu "sina dalili" ana kazi gani?

Ukisikia "wananchi washiriki kufuatilia magonjwa", picha inayokuja ni mgonjwa anayetoa simu na kutuma taarifa. Sasa chukua Influenzanet, mtandao wa Ulaya ulioanzia Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2003. Kila wiki ya msimu wa mafua, washiriki wanaulizwa dalili zao, na wengi hujibu: sina. Australia nao wana FluTracking tangu 2006, kwa mtindo huohuo.

Jibu hilo la "sina" ndilo dhahabu. Kumbuka sehemu za shule ya msingi: kiasi juu, asili chini. Watu 40 wakiripoti homa, je, ni kati ya wangapi? Kati ya 400 ni balaa, lakini kati ya 40,000 hata hushtuki. Wazima ndio wanaotupa ile namba ya chini.

AfyaData, iliyotengenezwa na SACIDS pale SUA, Morogoro, ni kitu kingine kabisa. Hapo watu waliopewa mafunzo huripoti matukio ya magonjwa ya binadamu na mifugo kutoka kwenye jamii. Kwa kushtua mamlaka mapema, safi sana. Ila ng'ombe wazima hawaripotiwi, na haikukusudiwa hivyo.

Lawama yangu basi ni kwa ushirikiano wa kimataifa unaotia vyote hivi kapu moja, "ufuatiliaji shirikishi", halafu tunatamani kulinganisha nchi na nchi. Unalinganishaje kengele na mizani? Na hata mizani ya Ulaya imeinama kidogo: watoto na wazee hujiunga wachache, hivyo watafiti hulazimika kusawazisha hesabu kwa umri. Ukiuleta mfumo ule hapa kama ulivyo, atakayejaza ni mwenye simu janja na bando, yaani mimi na wewe tuliopo mjini.

Nisiwe mchoyo wa sifa: AfyaData humrudishia mtoa taarifa majibu na ushauri, na hilo Ulaya wangeweza kujifunza zaidi. Mtu hatumi "sina dalili" wiki ya kumi na mbili mfululizo kama hasikii chochote.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye mradi mpya wa namna hii, uliza kabla ya chai ya saa nne: mzima atajibu kwa njia gani, na bando analipa nani?