Farasi wa Escalade wakifika Muleba

Ukisoma sifa za Cadillac Escalade ya petroli utakuta injini ya V8, lita 6.2, nguvu ya farasi 420. Sawa, lakini jiulize: farasi hao walihesabiwa wapi? Kule Marekani vipimo vya injini hurekebishwa vilingane na hewa ya karibu na usawa wa bahari. Bukoba mjini, pale ziwani kabisa, uko zaidi ya mita 1,130 juu, na hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 11. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa ujazo. Oksijeni ikiwa pungufu, inachoma petroli pungufu. Kwa hiyo hesabu farasi 375 hivi, na ukipanda vilima vya Muleba wanazidi kupungua. Mshindani wake, Lincoln Navigator, ana V6 ya lita 3.5 tu, ila tabo zake mbili husukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa. Mimi hapa kwetu ningechukua hiyo.

Escalade IQ ya umeme haipumui, mwinuko hauisumbui. Ila betri yake ni kilowati-saa 205, na soketi ya nyumbani hutoa kilowati 3 hivi. Gawanya mwenyewe: karibu siku tatu za kuchaji, umeme usipokatika. Usipokatika, jamani!

Halafu zote tatu usukani uko kushoto. Ukiwa nyuma ya lori la ndizi unataka kuovateki, itabidi abiria wa kulia ndiye akuambie kama mbele kweupe.