Mwana wa Liyongo

Katika tenzi za pwani yetu, ule wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913, ni miongoni mwa zile zipendwazo sana na vijana. Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Mna ndani yake mtu mwenye nguvu zisizo kifani, aliyebeba kinu na mchi na mafiga mkobani kama mwingine abebavyo tumbaku, na ambaye silaha za kawaida hazikuweza kumwua. Mna Sultani wa Pate mwenye wivu na hila. Mna minyororo iliyokatwa kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, huku ngoma ya gungu ikivuma ili mlio wa tupa usisikike. Mambo haya yakisomwa darasani, hapana mtoto asinziaye.

Mtu nitakaye kumzungumza hapa si shujaa huyo. Ni mwanawe, aliyemwua, ambaye utendi haukumpa hata jina.

Mwanafunzi akiulizwa kijana huyu alikuwa mtu wa namna gani, jibu huja upesi: alikuwa mwenye tamaa, aliahidiwa uwaziri na binti wa Sultani, basi akamwua babake. Jibu hili si la uwongo, na katika mtihani hupata alama zake. Mimi mwenyewe nililitoa nilipokuwa mwanafunzi, na baadaye nikalifundisha. Walakini tangu nilipoanza kuusoma utendi huu pasipo haja ya kutunga maswali, nimeona kuwa jibu hilo lamwacha nje mtu mwenyewe.

Na tuanze na kuzaliwa kwake. Watu ambao utendi unawaita Wagala, jina ambalo Waoromo wenyewe hawalipendi, walifika Pate wakamwona Liyongo, wakastaajabu. Wakataka mbegu yake iingie katika kabila lao, ili wapate na wao mtu wa nguvu kama zile. Liyongo akaozwa mke kwao, na mtoto akazaliwa, naye akafanana na babake kwa sura na kwa nguvu. Tazama basi: kabla hajatoka tumboni mwa mamaye alikuwa amekwisha kutakiwa kwa kazi ya watu wengine. Wajomba walimtaka awe mbegu. Sultani alipokuja kumtaka, alimtaka awe sindano. Katika utendi mzima simwoni mtu hata mmoja amwulizaye kijana huyu yeye mwenyewe ataka nini.

Sultani alikuwa amekwisha kujaribu njia nyingine. Aliwatuma Wasanye na Wadahalo kwa ahadi ya fedha, nao wakabuni hila ya kula makoma kwa zamu, kila mtu akipanda mti kwa siku yake, ili Liyongo apandapo wampige mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale. Watu wale hawaonyeshwi kusitasita. Ni watu wa ujira. Hila iliposhindwa, utendi uliendelea na mambo mengine bila kuwahukumu. Kwa mwana mshairi hakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapoiona hekima yake.

Mwana alikwenda kwa babake akamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumdhuru. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika hadithi, nalo aghalabu hupitwa mbio. Liyongo hakuwa mjinga. Alitambua kwamba swali lile halikuzaliwa katika kichwa cha mwanawe, bali limetumwa. Na hali ametambua, alijibu. Alisema kuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni itamwua. Kwa nini alisema? Wako wasemao kuwa alimpenda mno mwanawe hata hakuweza kumnyima kitu. Wako wasemao kuwa siku zake zilikuwa zimekwisha, na mtu hashindani na ajali. Mimi nathubutu kuongeza neno jingine. Liyongo, kwa kuisema siri, alimpa mwanawe nafasi ya kukataa. Mpaka saa ile kijana alikuwa mjumbe tu. Tangu saa ile uhai wa babake ulikuwa mkononi mwake, na kila mmoja alijua kuwa mwenziwe anajua. Nafasi ile ilikuwa heshima kubwa, na pia ilikuwa mzigo ambao baba hana haki ya kumtwika kijana mdogo. Sijui kama twaweza kumsifu Liyongo kwa jambo hili bila ya kumlaumu.

Kijana akapeleka habari Pate, akapewa sindano, akarudi. Sasa angalia afanyavyo. Kama angalikuwa mtu wa tamaa tu, angaliifanya kazi yake usiku wa kwanza. Hakuifanya. Alimwogopa babake, akakaa naye, siku zikapita na sindano ingali safi. Nakushauri, msomaji, usimame hapa kabla ya kuendelea. Huyu mtoto alikula chakula na babake, akaitwa mwanangu, akalala katika kivuli chake, na sindano i pamoja naye. Bila shaka woga ulikuwamo, kwa maana hapana aliyekuwa hamwogopi Liyongo. Lakini woga peke yake ungalimkimbiza arudi kwao. Kitu gani kilimweka pale? Mshairi hasemi, nami naona amefanya vyema kutosema.

Kilichomaliza kusita kwake hakikuwa chuki. Kilikuwa waraka. Sultani aliandika kumhimiza: mambo ya arusi yamekwisha kutengenezwa, kinachongojewa ni yeye. Twawajua watu wa namna hii, nao si wachache: huweza kuikataa dhambi ikiwa peke yake, lakini hawawezi kumkatalia mtu aliyekwisha kuandaa karamu. Kijana alingoja mpaka baba amelala usingizi mzito, akamchoma kitovuni, akakimbia.

Liyongo hakufa pale alipolala. Aliamka na uchungu wake, akachukua uta na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti na kutega mshale, na roho ikamtoka katika hali ile. Watu wakamwona wakadhani yu hai, wala hapana aliyethubutu kuteka maji. Mama yake akaletwa kumbembeleza kwa maneno mazuri, asijue kuwa asemaye naye ni maiti. Hata alipoanguka ndipo sindano ilipoonekana.

Baada ya hapo utendi wamtoa mwana upesi, na hapa nina lawama juu ya mshairi. Sultani amvua kijana heshima aliyompa na kumfukuza. Kwa watu wa mamaye nako hatakiwi. Maradhi yamshika, afa. Wasomaji wengi huridhika, kwa kuwa mwovu amelipwa. Lakini aliyemlipa ni nani? Ni yule aliyemtuma. Sultani aliyeagiza kifo ndiye anayesimama kuwa kadhi wa mwuaji, na utendi haumgusi hata kwa ukucha. Adhabu yote imeshushwa juu ya kichwa kimoja, kile kilichokuwa chepesi kuliko vyote kukishushia. Najua kuwa kumwua mzazi ni jambo lisilo na udhuru, wala sitaki wanafunzi wangu wamtafutie udhuru. Nataka tu wamhesabu na Sultani pia.

Jambo la mwisho ni dogo. Yule mwanamke aliyeletwa kisimani alikuwa mama wa aliyeuawa, na alikuwa bibi wa aliyeua. Utendi watupa kilio chake juu ya Liyongo, nacho ni kilio cha haki. Kila niusomapo huutafuta ubeti ambao ndani yake bibi huyu na mjukuu wake wamekutana, japo kwa tusi au kwa laana. Sijaukuta.